Ardhi Inayosogea: Kufundisha Matabaka ya Dunia kwa Kiswahili kwa Mfano wa Mweya

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni jinsi dunia yetu ilivyojengeka kwa matabaka, na jinsi vipande vikubwa vya sehemu yake ya juu vinavyosogea. La pili ni maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kueleza habari hiyo: yapi yanasaidia, yapi yanapotosha, na kwa nini mwalimu wa Kiswahili hana budi kuyashughulikia badala ya kumwachia mwalimu wa jiografia peke yake.

Mfano tuliouchagua ni wa Mweya, rasi iliyo kati ya Ziwa Edward na Mlangobahari wa Kazinga, katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Sababu ni mbili. Kwanza, ni vigumu kupata mahali pengine Afrika Mashariki ambapo mwanafunzi anaweza kusimama pamoja na wenzake na kuona kwa macho mambo mengi namna hiyo ya elimu ya miamba. Pili, watu wa Kasese na Bwera wanaishi juu ya ardhi inayotikisika. Mwanafunzi wa huko husoma jiografia kwa Kiingereza, nyumbani huzungumza Lukonzo au Rutooro, na akienda soko la Mpondwe hukutana na wafanyabiashara wa Kasindi, upande wa Kongo, na kuzungumza nao Kiswahili. Tetemeko likitokea huzitikisa pande zote mbili za mpaka kwa wakati mmoja, na lugha ambayo watu wa pande zote mbili wanaelewana kwayo ni Kiswahili. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kwamba kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Basi swali linalotukabili walimu ni hili: je, tutakifundisha Kiswahili cha salamu na ununuzi tu, au tutamwezesha mwanafunzi kueleza kwa lugha hiyo kinachotokea chini ya miguu yake?

Yanayoonekana kutoka Mweya

Tukisimama Mweya asubuhi ambayo hakuna mawingu, upande wa kaskazini tunaiona milima ya Rwenzori. Kilele chake cha juu kabisa, Margherita, kina urefu wa mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mweya hadi kilele hicho ni kilomita zipatazo 65 tu, lakini sisi tuliopo rasini tuko chini ya mita 1,000. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Edward, tunaona ukuta wa milima ya Kongo. Chini yetu ni Kazinga, mkondo wa maji wenye urefu wa zaidi ya kilomita 30 unaoliunganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Tukielekea Katwe na Kikorongo tunakuta mashimo makubwa ya mviringo, mengine yamejaa maji, na mojawapo ni ziwa la chumvi la Katwe ambako watu wamechimba chumvi kwa karne nyingi.

Mlima mrefu, bonde pana, maziwa, mashimo ya volkano na chumvi: mambo haya yote yana chanzo kimoja. Ili kukielewa chanzo hicho hatuna budi kwanza kushuka ndani ya dunia.

Matabaka ya dunia

Kutoka tunaposimama hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371 hivi. Katika safari hiyo tungepita matabaka manne:

1. Ganda la dunia. Hili ndilo tabaka la juu kabisa, lenye miamba migumu. Chini ya mabara unene wake ni kilomita 30 hadi 50 kwa kawaida, na chini ya bahari kuu ni kilomita 5 hadi 10 tu.

2. Tabaka la kati, ambalo baadhi ya waandishi huliita koti la dunia. Linaanzia chini ya ganda na kufika kina cha kilomita 2,890 hivi. Ndilo tabaka kubwa kuliko yote.

3. Kiini cha nje. Hiki ni chuma na nikeli iliyoyeyuka, na kinafika kina cha kilomita 5,150 hivi. Mwendo wa chuma hiki kioevu ndio unaosababisha usumaku wa dunia, ule unaogeuza sindano ya dira.

4. Kiini cha ndani. Hiki pia ni chuma na nikeli, lakini ni kigumu ingawa joto lake linazidi nyuzi 5,000 za Selsiasi. Hakiyeyuki kwa sababu ya mgandamizo mkubwa wa kila kitu kilicho juu yake.

Walimu wengi hutumia mfano wa yai: ganda, ute na kiini. Mfano huu ni mzuri kwa kuanzia, na maneno mawili kati ya hayo, ganda na kiini, tayari tumeyachukua kuwa istilahi. Lakini una hatari yake. Ute wa yai bichi ni majimaji, na mwanafunzi akiubeba mfano huo kama ulivyo ataamini kwamba chini ya ganda la dunia kuna bahari ya moto, na kwamba sisi tunaelea juu yake kama ukoko juu ya uji. Si kweli. Tabaka la kati ni mwamba mgumu. Hata hivyo ni mwamba wa moto sana, na kwa muda mrefu sana hujongea polepole bila kuyeyuka.

Je, kitu kigumu kinawezaje kujongea? Hapa watu wa Kasese wana mfano bora kuliko wa yai. Juu ya Rwenzori kuna barafu ya kudumu, ingawa imepungua mno katika miaka mia moja iliyopita. Barafu hiyo ni ngumu. Ukiipiga kwa shoka inavunjika. Lakini uzito wake wenyewe huifanya iteremke bondeni polepole mwaka baada ya mwaka. Mwamba wa tabaka la kati hufanya vivyo hivyo, ila kwa mwendo mdogo zaidi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwalimu aanze na yai, kisha aliache haraka na kuhamia kwenye barafu ya mlimani.

Tumejuaje yaliyo ndani?

Hakuna mtu aliyefika huko. Shimo refu kuliko yote lililochimbwa kwa ajili ya utafiti huo, lile la rasi ya Kola nchini Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989. Kina hicho hakitoboi hata ganda la dunia. Elimu yetu imetokana hasa na matetemeko yenyewe.

Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopenya ndani ya dunia. Mawimbi ya kwanza husukuma na kuvuta mwamba kuelekea yanakokwenda. Haya ni ya kasi zaidi na hupita katika vitu vigumu na vioevu. Mawimbi ya pili hutikisa mwamba kwenda upande na upande; haya huchelewa, na hayawezi kupita katika kitu kioevu. Wanafunzi waliowahi kusikia tetemeko watakumbuka kwamba mara nyingi huanza mshtuko mdogo, kisha hufuata mtikisiko wenye nguvu zaidi. Huo ndio utofauti wa mawimbi hayo mawili.

Mawimbi yakifika mpaka wa matabaka mawili hubadili kasi na mwelekeo. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić wa Kroatia aligundua kwa njia hiyo mpaka kati ya ganda na tabaka la kati. Kwa kuwa mawimbi ya pili hayavuki kiini cha nje, wataalamu walijua kwamba kiini hicho ni kioevu. Na mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanamke mtaalamu kutoka Denmark, alionyesha kwamba ndani ya kiini hicho mna kiini kingine. Mfano huu unafaa kutajwa darasani, hasa mbele ya wasichana wanaodhani kwamba sayansi hii ni ya wanaume.

Darasani jambo hili laweza kuigizwa bila kifaa chochote. Wanafunzi kumi wasimame kwa mstari, kila mmoja akiweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake. Wa nyuma akisukuma kidogo, msukumo utasafiri hadi mbele: hayo ni mawimbi ya kwanza. Akiyumba kushoto na kulia, myumbo utasafiri pia, lakini polepole: hayo ni mawimbi ya pili. Halafu wanafunzi wawili wa katikati washushe mikono. Myumbo utaishia hapo hapo.

Mabamba na mwendo wake

Mwaka 1912 Alfred Wegener wa Ujerumani alitoa hoja kwamba mabara yalikuwa pamoja zamani, kisha yakaachana. Aliona jinsi pwani ya Afrika ya magharibi inavyolingana na pwani ya mashariki ya Amerika Kusini, na jinsi mabaki ya wanyama wa kale na miamba ya pande hizo mbili yanavyofanana. Wengi walimpinga kwa kuwa hakuweza kueleza ni nguvu gani inayoyasukuma mabara. Ni katika miaka ya 1960, baada ya sakafu ya bahari kuchunguzwa, ndipo hoja yake ilipopata msingi imara na kupanuliwa.

Tunachokijua sasa ni kwamba sehemu ya nje ya dunia imegawanyika katika mabamba. Makubwa ni saba: la Afrika, la Ulaya na Asia, la Amerika Kaskazini, la Amerika Kusini, la Pasifiki, la Antaktika, na la India na Australia. Yapo pia mengi madogo. Mabamba haya hukutana kwa namna tatu:

(a) Yanaachana. Hivyo ndivyo ilivyo katikati ya Bahari ya Atlantiki, na ndivyo inavyoanza kuwa katika Bonde la Ufa.

(b) Yanagongana. Bamba moja huzama chini ya jingine, au yote mawili hujikunja na kuinua milima kama Himalaya. Tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004 karibu na Sumatra lilitokea mahali ambapo bamba moja linazama chini ya jingine. Liliinua sakafu ya bahari na kuleta mawimbi ya tsunami yaliyofika hadi pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania.

(c) Yanapishana ubavu kwa ubavu, kama inavyotokea California.

Nguvu inayoyaendesha ni joto la ndani ya dunia. Mwamba wa moto hupanda polepole na uliopoa hushuka. Aidha, bamba zito na baridi linapozama huvuta sehemu yake iliyobaki nyuma, na mvuto huo ni miongoni mwa nguvu kubwa kuliko zote katika mwendo huu.

Hapa pana jambo la lugha ambalo ni lazima tulitaje. Katika maandishi mengi ya Kiswahili tunakutana na msemo "bamba la gandunia", ambapo gandunia ni ufupisho wa ganda la dunia. Neno gandunia ni zuri na limeundwa kwa ustadi. Tatizo ni kwamba bamba si ganda peke yake. Ni ganda pamoja na sehemu ya juu ya tabaka la kati iliyoshikamana nalo, na unene wa vyote viwili mara nyingi ni kilomita 100 au zaidi. Mwanafunzi akisikia bamba la gandunia ataelewa kwamba kinachosogea ni ganda tu. Sisi tunaona ni afadhali kusema "bamba la dunia", au "bamba" tu pale ambapo maana imekwisha kueleweka.

Ufa wetu wa magharibi

Afrika Mashariki inapasuka polepole. Upande wa magharibi ni bamba la Nubia, ambalo ndilo sehemu kubwa ya Afrika. Upande wa mashariki ni bamba la Somalia. Kati yao, ndani ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, lipo bamba dogo linaloitwa Victoria kwa sababu limelibeba ziwa hilo. Tawi la mashariki hupita Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Tawi la magharibi huanzia Ziwa Albert na kupita Edward, Kivu, Tanganyika hadi Nyasa.

Kwa hiyo mwalimu aliyeko Kampala anaishi juu ya bamba la Victoria. Mfanyabiashara aliyeko Beni, Kongo, anaishi juu ya bamba la Nubia. Bwera, Mpondwe na Mweya ziko katika ukanda unaovutwa kati yao. Katika sehemu hii vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba pande mbili za bonde zinaachana kwa milimita 2 hivi kwa mwaka. Kucha ya mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi mmoja. Tukisema basi kwamba bonde linapanuka, tusimtie mwanafunzi hofu kwamba ataamka na kuona shimo uani. Kwa milimita 2 kwa mwaka, mita moja hutimia baada ya miaka 500. Lakini miaka milioni moja ikipita, hizo ni kilomita mbili.

Neno ufa nalo lahitaji maelezo. Katika methali yetu, usipoziba ufa utajenga ukuta, ufa ni mwanya katika kitu kilichopasuka. Bonde la Ufa si mwanya wa namna hiyo. Ni ardhi iliyovutwa kutoka pande mbili hadi ikawa nyembamba, ikavunjika kwa mipasuko mingi, na vipande vya katikati vikashuka. Mfano wake ni mkate unaovutwa: katikati hutitia kabla haujakatika. Ushukaji huo hauko sawa pande zote. Ziwa Edward lina kina cha mita 112 hivi, na sehemu yake ya kina kirefu iko karibu na ukuta wa milima ya Kongo, ambako mpasuko mkubwa upo. Upande wa Uganda maji ni ya kina kidogo, na Ziwa George, lililo pembeni zaidi, lina wastani wa kina wa mita 2 na nusu hivi.

Wakati vipande vingine vilishuka, kimoja kilipanda. Hicho ndicho Rwenzori, chenye urefu wa kilomita 120 na upana wa kilomita 65 hivi. Watu wengi, hata walimu, hudhani kuwa Rwenzori ni mlima wa volkano kama Kilimanjaro au Elgon. Sivyo. Ni kipande cha mwamba wa kale sana wa ganda la dunia kilichoinuliwa kati ya mipasuko. Shaba ya Kilembe, ambayo ndiyo iliyofanya reli ifikishwe Kasese mwaka 1956, imo katika miamba hiyo ya kale. Haikuumbwa na Bonde la Ufa. Kuinuliwa kwa mlima ndiko kulikoileta karibu na mikono ya wachimbaji.

Volkano hata hivyo zipo karibu. Ardhi inapovutwa na kuwa nyembamba, mgandamizo juu ya mwamba wa moto ulio chini hupungua, na sehemu ndogo ya mwamba huo huyeyuka na kuwa magma. Kwa maneno mengine, si kwamba daima kuna ziwa la moto linalosubiri chini yetu. Magma hutengenezwa pale hali inaporuhusu. Huko Katwe na Kikorongo magma yenye gesi nyingi ilipanda na kukutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke ghafla, ardhi ikalipuka. Mashimo tunayoyaona ni alama za milipuko hiyo. Kasoko la Katwe halina mto unaotoka. Chemchemi huleta chumvi, jua huondoa maji, na chumvi hubaki. Hivyo kipande cha chumvi kinachouzwa sokoni Mpondwe ni zao la Bonde la Ufa.

Matetemeko

Ardhi inayovutwa haisogei kwa utulivu. Miamba ya pande mbili za mpasuko hukwama, hujikunja kidogo kidogo kwa miaka mingi, kisha huachia ghafla. Kuachia huko ndiko tetemeko.

Alfajiri ya tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa lilipiga eneo la Toro na bonde la Semliki. Watu zaidi ya 150 walifariki, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1994 tetemeko lenye kipimo cha 6.2 lilitikisa eneo la Fort Portal na Kisomoro. Tarehe 10 Septemba 2016 lile la Bukoba, Tanzania, lenye kipimo cha 5.9, liliua watu na kuacha maelfu bila makazi, na lilisikika Uganda pia. Katika kufundisha tarakimu hizi tukumbuke kwamba hatua moja ya kipimo, kwa mfano kutoka 5 hadi 6, ni ongezeko la nguvu la mara 32 hivi, si la sehemu moja tu.

Hayo ni makubwa. Madogo hayahesabiki kwa urahisi. Watafiti wa Ujerumani na wenzao wa Uganda waliweka vifaa kuizunguka Rwenzori mwaka 2006 na 2007, na walinasa kwa wastani matetemeko zaidi ya 800 kwa mwezi, mengi madogo mno mtu asiyahisi. Machache yalitokea kwenye kina cha zaidi ya kilomita 50, chini kabisa ya ganda la dunia, jambo ambalo ni nadra chini ya bara.

Mababu zetu nao walitafuta sababu. Kwa Kiganda tetemeko huitwa musisi, na Musisi ni jina la mmoja wa mizimu ya kale aliyeaminiwa kuitikisa ardhi. Mwalimu hana haja ya kuyadhihaki masimulizi kama hayo. Yanaonyesha kwamba watu wa nchi hizi walilichunguza jambo hili na kulipa jina zamani sana. Awaulize wanafunzi wake neno la Lukonzo na la Rutooro, na masimulizi ya kwao, kabla ya kuleta ya vitabuni.

Hakuna mtaalamu anayeweza kutabiri siku na saa ya tetemeko. Anayedai hivyo asisikilizwe. Volkano ni tofauti kidogo, kwa kuwa mara nyingi hutanguliwa na dalili, ingawa si kila mara dalili hizo husomeka mapema. Nyiragongo, jirani na Goma, ilimwaga zaha mjini tarehe 17 Januari 2002, na ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku chache baada ya mlipuko huo wa pili, mamia ya maelfu ya wakazi walitakiwa kuhama. Goma ni mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na barabarani. Tofauti kati ya "msiogope", "jiandaeni" na "ondokeni sasa" katika mji kama huo si zoezi la sarufi.

Kwa sababu hiyo kila darasa lijifunze maagizo haya kwa Kiswahili kifupi, na wanafunzi wayatamke mpaka wayazoee:

- Ukiwa ndani, inama, ingia chini ya meza imara, jikinge kichwa, shikilia.
- Kaa mbali na madirisha, makabati na kuta zilizopasuka.
- Ukiwa nje, kaa mahali pa wazi, mbali na majengo na nyaya za umeme.
- Ukiwa mlimani, jihadhari na mawe na udongo unaoporomoka.
- Mtikisiko ukiisha, toka nje. Usirudi katika nyumba iliyopasuka, kwa maana mitetemo mingine hufuata.

Kinachoua watu wengi ni nyumba, wala si mtikisiko wenyewe. Matofali yasiyofungwa kwa nondo wala mbao huanguka juu ya waliolala. Hili ni somo la mafundi na wazazi pia, na mwanafunzi anaweza kulipeleka nyumbani.

Msamiati na upatanisho

Tunatoa hapa maneno machache kwa ajili ya darasa, pamoja na upatanisho wake:

- Tabaka / matabaka: tabaka hili ni kigumu ni kosa, tuseme tabaka hili ni gumu, matabaka haya ni magumu.
- Bamba / mabamba: bamba linasogea, mabamba yanaachana.
- Ufa / nyufa: ufa huu umepanuka, nyufa hizi zimepanuka. Lakini: Bonde la Ufa limepanuka, kwa kuwa kitenzi hufuata bonde.
- Kiini / viini: kiini cha nje ni kioevu, kiini cha ndani ni kigumu.
- Tetemeko / matetemeko: tetemeko la ardhi. Wasomaji wa Biblia wamezoea tetemeko la nchi. Si kosa, ila siku hizi nchi huleta zaidi maana ya taifa, kwa hiyo ardhi ni bora katika sayansi.
- Kitovu: mahali juu ya ardhi palipo sawasawa na chanzo cha tetemeko chini.
- Magma na zaha: mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ni magma, ukishatoka nje ni zaha.
- Kasoko / makasoko: shimo la volkano. Likijaa maji ni ziwa la kasoko.

Hitimisho

Tumeona kwamba maneno tuliyo nayo yanatosha kuieleza dunia kutoka ganda hadi kiini. Lakini kila neno lililoazimwa kutoka nyumbani au jikoni huja na picha yake. Ganda huleta yai, ufa huleta ukuta, bamba huleta bati. Kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni kuitumia picha hiyo inapofaa na kuonyesha mahali inapokoma. Mwalimu wa jiografia anaujua mwamba, sisi tunalijua neno. Wanafunzi wa Kasese na Bwera wanahitaji vyote viwili.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mfano wa yai haufai kueleza tabaka la kati? Toa mfano mwingine kutoka mazingira yako.
2. Eleza kwa sentensi tano tofauti kati ya Rwenzori na Kilimanjaro kwa jinsi ilivyoumbwa.
3. Tunga tangazo la redio la maneno yasiyozidi 60 kwa wakazi wa Mpondwe na Kasindi baada ya tetemeko.
4. Kusanya kutoka kwa wazee maneno ya lugha yako ya kwanza yanayohusu tetemeko, volkano na chemchemi za moto. Je, yapo yanayoweza kuongezwa katika Kiswahili?

Wasomaji watakaofanya zoezi la nne tunawakaribisha watuletee matokeo yao, nasi tutayachapisha katika toleo lijalo.